Siku Moja katika Bonde la Kusini la Cusco: Mwongozo Kamili kwa Msafiri Anayejitegemea

Wasomaji wetu waliofika Cusco, nchini Peru, wanatuandikia malalamiko yanayofanana. Walitoka mjini asubuhi wakikusudia kuona magofu ya Tipón na Pikillacta pamoja na makanisa ya kale ya Andahuaylillas na Huaro, lakini jioni ilipoingia walikuwa wameona Tipón peke yake, wamechoka, na wengine walikuta mlango wa kanisa umeshafungwa. Wapo pia waliolipia tiketi isiyo sahihi, na wapo walioshindwa kuamka kitandani kwa sababu ya kichwa kuuma.

Bonde lenyewe si tatizo. Vituo vyote vimepangana kando ya barabara moja ya lami yenye urefu usiofika kilomita 50, na mabasi hupita siku nzima. Kinachowaangusha watu ni mpangilio: huanza na kituo kilicho karibu na kusonga mbele, na hivyo kila saa inayopita huwaongezea umbali wa kurudi. Mwongozo huu unageuza safari hiyo. Utakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa njia, kisha utarudi kituo kwa kituo, ili kila unapopanda basi uwe unakaribia chumba chako cha kulala.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku yenyewe

Tiketi ya magofu. Tipón na Pikillacta huingiwa kwa tiketi ya pamoja ya utalii ya Cusco, iitwayo Boleto Turístico. Tiketi kamili inahusu maeneo 16 na hudumu siku 10; bei yake kwa mgeni mtu mzima imekuwa soli 130 (soli ni fedha ya Peru). Ipo pia tiketi ya sehemu, ya soli 70, inayodumu siku mbili na kuhusu Tipón, Pikillacta na makumbusho kadhaa ya mjini. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa zipo tiketi tatu za sehemu zenye bei moja. Taja majina ya Tipón na Pikillacta kabla ya kutoa fedha, kwa maana tiketi ya magofu mengine, kama ya Sacsayhuamán au ya Pisac, haitakufungulia lango lolote katika safari hii. Ofisi ya kuuzia ipo Avenida El Sol, karibu na uwanja mkuu wa mji.

Tiketi ya makanisa. Makanisa hayamo katika tiketi hiyo. Andahuaylillas, Huaro na kikanisa cha Canincunca, pamoja na kanisa la Wajesuiti lililo katika uwanja mkuu wa Cusco, yana tiketi yake ya pamoja, ijulikanayo kama Ruta del Barroco Andino. Inunue katika kanisa la kwanza utakalolikuta wazi, na usiitupe.

Fedha taslimu. Beba noti ndogo za soli 10 na 20 pamoja na sarafu. Kondakta wa basi na dereva wa bajaji hawatakuwa na chenji ya soli 100, na katika vijiji hivi usitegemee kulipa kwa kadi.

Mavazi na vifaa. Vaa nguo za tabaka, kwa sababu alfajiri ya Juni au Julai baridi hukaribia kuganda na saa sita mchana jua huchoma. Chukua kofia pana, krimu ya kuzuia jua, miwani ya jua, maji yasiyopungua lita moja na nusu, viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza, na koti jepesi la mvua. Ngozi nyeusi pia huungua katika mwinuko huo. Usidanganywe na ubaridi wa hewa.

Ramani ya simu iliyopakuliwa. Mtandao hukatika njiani, na utahitaji kujua uko wapi ili umwambie kondakta mapema mahali pa kukushusha.

## Hatua ya 1: Uzoeshe mwili kwanza

Cusco ipo takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Msomaji aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atauelewa mwinuko huo kwa urahisi: ni kati ya Mandara, iliyo mita 2,720, na Horombo, iliyo mita 3,720. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro hupandwa kwa miguu pole pole, ilhali Cusco hufikiwa kwa ndege kutoka Lima, mji wa pwani, kwa muda wa saa moja na dakika chache. Mwili haupati nafasi ya kujipanga.

Lala Cusco angalau usiku mbili kabla ya safari hii. Siku ya kwanza kula chakula chepesi, kunywa maji, acha pombe, na usipande ngazi kwa haraka. Wenyeji watakukaribisha kwa chai ya majani ya koka, nayo ni halali huko. Hata hivyo, fahamu kwamba inaweza kuonekana katika vipimo vya dawa za kulevya, na usithubutu kuweka majani hayo katika begi la kurudia nyumbani. Kuhusu asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari kabla ya kusafiri, hasa ikiwa una mzio wa dawa za salfa.

*Utajua uko tayari* ukiweza kupanda ghorofa mbili bila kusimama kuvuta pumzi na ukiwa umelala usingizi wa kawaida. *Onyo:* kichwa kinachouma kidogo ni kawaida, lakini kuchanganyikiwa, kuyumba wakati wa kutembea, au kuhema ukiwa umekaa tu ni dalili za hatari. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali na ateremshwe kwenye mwinuko mdogo, si kupewa chai.

Jambo la faraja ni kwamba bonde hili huteremka kadiri unavyoliacha jiji. Urcos ipo chini ya Cusco kwa zaidi ya mita 200, na ndiyo maana safari hii inamfaa mgeni kuliko zile za kupanda milima.

## Hatua ya 2: Chagua siku na msimu

Kiangazi huanza Mei na kuishia Oktoba hivi. Mvua kubwa ni ya Desemba hadi Machi. Katika miezi ya mvua mara nyingi asubuhi huwa na anga safi na mchana hunyesha, kwa hiyo katika miezi hiyo pekee geuza utaratibu wa mwongozo huu: anza na magofu asubuhi, ujikinge makanisani mchana.

Epuka Jumapili ikiwa lengo lako ni kutazama michoro, kwa sababu watalii hawatembezwi kanisani wakati wa misa, na hivyo ndivyo inavyopasa. Mwenye nia ya kusali anakaribishwa kama muumini mwingine yeyote.

Kumbuka pia kwamba saa zilizoandikwa hapa ni za Kiswahili. Ubao wa lango unaosema 7:00 humaanisha saa 1 asubuhi.

## Hatua ya 3: Nenda moja kwa moja hadi Urcos

Ondoka saa 12:30 asubuhi. Mwambie dereva wa teksi akupeleke mahali yanapoanzia mabasi ya Urcos, kandokando ya Avenida de la Cultura. Nauli ni ndogo mno, na safari huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu kutegemea foleni ya San Sebastián na San Jerónimo, vitongoji vya Cusco.

Kaa dirishani na utazame vituo utakavyovirudia: Saylla na vibanda vyake vya nyama ya nguruwe ya kukaanga, njia panda ya Tipón, Oropesa na mikate yake, ziwa la Huacarpay, kisha lango la mawe la Rumicolca mahali barabara inapopenya kilima. Kuviona mapema kutakurahisishia kushuka panapotakiwa wakati wa kurudi.

*Mafanikio ya hatua hii* ni kuwa Urcos kabla ya saa 2:30, ukiwa na kikombe cha kinywaji cha moto mkononi na mfuko wako wa fedha ukiwa mbele ya kifua, si mgongoni.

## Hatua ya 4: Ziwa la Urcos na kikanisa cha Canincunca

Ziwa la Urcos ni dogo na tulivu. Simulizi iliyoandikwa na Garcilaso de la Vega, mwandishi wa kale wa Peru, inasema kwamba mnyororo mkubwa wa dhahabu uliotengenezwa kwa ajili ya kuzaliwa kwa Huáscar, mwana wa mfalme wa Wainka waliotawala kabla ya Wahispania, ulitupwa humo ili Wahispania wasiupate. Hadi leo haujapatikana.

Kikanisa cha Canincunca kipo juu ya ziwa, upande wa kwenda Huaro. Chukua bajaji badala ya kutembea pembeni mwa barabara yenye malori. Ndani kuta zimefunikwa kwa michoro inayoiga vitambaa vya kufumwa, maua juu ya maua, kiasi kwamba kwa mbali utadhani kuta zimetandikwa zulia.

*Onyo:* mahali hapa hupata wageni wachache na mlango unaweza kuwa umefungwa. Ulizia mwenye ufunguo kwa adabu, subiri dakika 15, kisha endelea na safari. Usiruhusu kikanisa kimoja kiibe muda wa mengine.

## Hatua ya 5: Huaro

Panda basi au bajaji hadi Huaro, mwendo wa dakika chache tu. Kwa nje kanisa la San Juan Bautista ni ukuta mpana usio na mvuto, na ndiyo maana watu wengi hupita bila kushuka. Hiyo ni hasara, na mimi ningeacha magofu yoyote ya orodha hii kabla ya kuacha Huaro.

Michoro ya ndani ilichorwa na Tadeo Escalante mwaka 1802. Mada yake ni kifo na hukumu, na mchoraji hakumwonea mtu haya. Utaona Mauti, kiunzi cha mifupa, akiingia nyumba ya tajiri na nyumba ya maskini. Utaona mti ambao juu yake watu wanakula karamu huku Mauti akiukata kwa shoka. Utaona jehanamu yenye masufuria yanayochemka. Yape macho muda yazoee giza kabla ya kuanza kutazama, na uanze na ukuta wa mlangoni.

*Umefaulu* ukitoka hapa kabla ya saa 4:30.

## Hatua ya 6: Andahuaylillas, kituo cha kutengewa saa nzima

Hapa usiharakishe. Kanisa la San Pedro linatazamana na uwanja wenye miti mikubwa ya pisonay inayotoa maua mekundu, na kazi nyingi iliyomo ilifanywa mwanzoni mwa karne ya 17. Watalii hupenda kuliita Kanisa la Sistina la Amerika, wakilifananisha na lile la Vatikani lenye michoro maarufu. Sifa hiyo imetiwa chumvi kidogo, tena haimsaidii mgeni kujua atazame wapi, kwa hiyo fuata utaratibu huu.

Kwanza, ingia hadi katikati na utazame dari. Mbao zake zimepakwa rangi na dhahabu kwa maumbo ya kijiometria yaliyofika huku kutoka Hispania, ambako mafundi waliyarithi kwa Waislamu wa Andalusi. Msomaji aliyezoea milango na dari za Zanzibar au Lamu atayatambua mara moja.

Pili, geuka nyuma. Huu ndio ushauri mkubwa wa hatua hii, kwa sababu karibu kila mgeni hukazia macho madhabahu yenye kung'aa na kutoka bila kuona kilicho bora zaidi. Kwenye ukuta wa ndani, pande mbili za mlango ulioingilia, mchoraji Luis de Riaño alionyesha njia mbili za maisha. Njia pana imepambwa kwa maua na inampeleka mtu jehanamu. Njia nyembamba imejaa miiba na inaelekea mji wa mbinguni. Waumini waliitazama picha hiyo kila walipotoka misani kurudi mashambani, na paroko wa wakati huo, Juan Pérez Bocanegra, hakuiweka hapo kwa bahati.

Tatu, tafuta mlango wa chumba cha ubatizo. Maneno ya ubatizo yameandikwa kuuzunguka kwa lugha tano: Kilatini, Kihispania, na lugha tatu za wenyeji wa Andes, yaani Kikechua, Kiaymara na Kipuquina. Lugha hiyo ya tano imekwisha kufa, na maandishi machache mno yake yamebaki duniani. Sogea karibu, usiguse, na usome herufi moja moja. Pérez Bocanegra huyo huyo alichapisha mwaka 1631 kitabu cha ibada chenye wimbo wa Kikechua wa sauti nne, Hanacpachap cussicuinin, nao ndio wimbo wa kwanza wa sauti nyingi kuchapishwa katika bara la Amerika.

*Onyo:* kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Mwangaza wa kamera hudhuru rangi, na mlinzi hatakuonya mara mbili. Vua kofia na uzime mlio wa simu.

## Hatua ya 7: Rumicolca, kisha Pikillacta

Kutoka Andahuaylillas, mwambie kondakta akushushe Rumicolca. Kiingilio hakuna, na dakika 20 zinatosha. Ukuta huu mkubwa ulijengwa kwanza na watu wa Wari, waliotawala hapa kabla ya Wainka, kisha Wainka wakauvika ngozi mpya ya andesaiti, jiwe gumu la volkano. Simama kwa upande na utaona pande zote mbili za kazi: kwa ndani mawe ya kawaida yaliyoshikwa kwa udongo, kwa nje mawe yaliyochongwa hadi wembe usipenye katikati yake. Baadhi yake bado yana vinundu ambavyo mafundi hawakumaliza kuvisawazisha.

Usitembee kwa miguu hadi Pikillacta, ingawa ni karibu. Barabara ina kona, haina njia ya waendao kwa miguu, na malori ya Puno na Puerto Maldonado hayapunguzi mwendo. Simamisha gari lijalo.

Pikillacta ni mji wa Wari uliostawi kati ya karne ya 6 na ya 11 hivi, yaani umezitangulia kazi za Wainka kwa mamia ya miaka. Wengi huingia wakitarajia mawe yaliyosuguliwa na hutoka wakiwa wamekata tamaa, kwa kuwa walichokiona ni kuta za mawe ghafi. Tazama mpango, usitazame jiwe. Mji mzima ulichorwa kwa mistari iliyonyooka na vyumba vya pembe nne vilivyorudiwa rudiwa, bila kujali kama kilima kinapanda au kinashuka, na mahali pengine bado utaona lipu nyeupe ya jasi iliyofunika kuta na sakafu. Fuata barabara ndefu iliyo kati ya kuta mbili hadi utakapouona uwanja mkubwa, kisha rudi kwa njia hiyo hiyo.

*Onyo:* hakuna kivuli. Saa moja inatosha, na maji yako yasiwe yameisha kabla ya kuingia. Kupanda juu ya kuta ni kosa, na ni hatari pia.

## Hatua ya 8: Oropesa

Shuka kwa dakika chache tu, ununue mkate wa chuta, ambao ni mpana na mtamu kidogo, kisha uondoke.

## Hatua ya 9: Tipón, na maji yanayotembea

Shuka njia panda ya Tipón kabla ya saa 9 alasiri. Kutoka barabara kuu hadi langoni kuna takriban kilomita 4 za kupanda, na hapa ndipo walioanza na Tipón kwa miguu humaliza nguvu zao za siku nzima. Chukua teksi kupanda na mkubaliane bei kabla ya kufungua mlango. Kushuka unaweza kutembea ikiwa magoti yanaruhusu. Ndiyo sehemu ya juu kuliko zote za siku hii, kwa hiyo nenda pole pole.

Matuta mapana ya Wainka yanapandana kama ngazi, na mifereji ya mawe inayapitishia maji ya chemchemi mpaka leo. Mwaka 2006 chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kiliyatambua kuwa kumbukumbu ya kimataifa ya uhandisi, na ukifika utaelewa sababu.

Panda kwanza hadi chemchemi kuu iliyo upande wa juu, kisha uyafuate maji kushuka. Kwenye birika maarufu, mfereji mmoja unagawanyika kuwa miwili, na miwili hiyo inakuwa michirizi minne inayoanguka sambamba, kila mmoja ukiruka mbali kidogo na ukuta bila kuulowesha. Chuchumaa utazame ukingo wa jiwe maji yanapoachia: umechongwa ili maji yasitambae nyuma na kuula ukuta. Tazama pia mawe yaliyochomoza kwenye kuta za matuta, ambayo ni ngazi za mkulima, na mifereji ya wima inayoteremsha maji kutoka tuta hadi tuta bila kuchimbua udongo.

*Onyo:* usinywe maji hayo wala usioshe miguu ndani yake. Ni mfumo wa umwagiliaji unaotumika. *Umefaulu* ikiwa unaweza kumwonyesha mwenzako tone moja linatoka wapi na linaishia shamba gani.

## Hatua ya 10: Chakula na kurudi

Kijiji cha Tipón kilicho chini kinajulikana Cusco nzima kwa cuy wa kuoka, yaani simbilisi, mnyama ambaye hata nyanda za juu kusini mwa Tanzania hufugwa kwa ajili ya kitoweo. Huletwa mzima, na kichwa chake. Asiyeweza kuvumilia hali hiyo aombe samaki wa trauti au supu. Agiza mapema, kwa sababu kuoka huchukua muda, na jua huzama kati ya saa 11:30 na saa 12:15 jioni kulingana na msimu.

Mabasi ya kurudi Cusco hupita barabara kuu mfululizo. Panda lenye nafasi ya kukaa, na usikubali gari binafsi lisilo na abiria wengine baada ya giza kuingia.

Ikiwa ulinunua tiketi ya sehemu, bado una siku moja ya kuitumia. Itumie katika jumba la makumbusho la Qoricancha, lililo chini ya ardhi kando ya Avenida El Sol. Hekalu lenyewe la Qoricancha, ambalo juu yake imejengwa konventi ya Santo Domingo, lina mlango wake na kiingilio chake. Tiketi hii haifanyi kazi hapo.